Kaenda Kuita Watu

Aston, Birmingham
12 Oktoba 2024

Mjomba wangu Maulid,

Assalaam aleikum, na shikamoo nyingi kuliko siku nilizokaa bila kukuandikia. Natumai mguu umekubali kukanyaga na sukari imeshuka. Mbarouk anakusalimia. Bado yuko kwenye lile duka la Longbridge, anavuka mji mzima kwenda kupanga maboksi ya watu wengine. Rehana ametimiza miaka minane, meno mawili ya mbele hana, na Kiswahili anakisikia chote ila akijibu ni Kiingereza. Ukimsemesha atakuelewa, wewe hutamwelewa.

Tangu masikio yako yagome, simu imekuwa ni kupigizana kelele, mimi nauliza mguu, wewe unanijibu habari za mvua. Ndiyo maana naandika. Suhaib, rafiki yake Mbarouk, anakuja Tanga kwenye harusi ya dada yake, nimempa barua hii mkononi pamoja na diski mbili za picha.

Sasa nikueleze ya nyumbani. Mama mkwe wangu, Bi Sikuzani, anaumwa ini. Madaktari wametuambia tusitarajie mengi baada ya mwezi wa nne. Mwenyewe anajua, alitaka aambiwe wazi, akasema alhamdulillahi, akauliza chai iko wapi. Kitanda tumekishusha sebuleni kwa sababu ngazi za nyumba zetu hizi ni nyembamba. Achieng, nesi wa Kikenya anayekaa Great Barr, huja mara mbili kwa wiki kumpa dawa. Siku za mechi hana pa kuegesha gari, basi anafika kwa miguu akiulaani mpira. Asiyejua ni Rehana peke yake. Ndiye aliyelelewa na bibi yake mimi nikiwa kazini, wanalala wamekumbatiana, na sijui nitaanzia wapi.

Bi Sikuzani haelewi Kiingereza na televisheni ilikuwa inamchosha. Jirani yetu Neeta hujitolea kwenye duka la mitumba, akatuletea boksi zima la diski ambazo hazikupata mnunuzi. Mjomba, zote ni picha ambazo waongozaji wake ni Wamarekani weusi. Si waigizaji tu, ni wao walioshika usukani. Kuna za kutisha, za kauboi, za wapelelezi, na moja ya watu wanaokwenda kwenye nyota na nahodha wao ni mama wa makamo mwenye nywele kama za mamangu. Nikachukua mwiko nikaufanya maiki, nikasimama kando ya televisheni, nikaanza: "Steringi huyu hapa, mabibi na mabwana, anaingia, hajui linalomsubiri." Bi Sikuzani alicheka mpaka akashika ubavu.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Nilipofika huku na Kiingereza kikanikaa, nilizitazama tena picha kadhaa za banda lako la video, zile ulizokuwa ukitutafsiria kwenye maiki. Mjomba, yule mweusi alikuwa anakufa. Anakufa wa kwanza, katika kila picha. Nyie wa Ngamiani wote mlinificha. Wewe ulikuwa ukisema kwenye maiki, "Msijali, huyo hajafa, kaenda kuita watu," na sisi kwenye mkeka tunapiga makofi. Nimekua nikiamini kwamba duniani kote mtu mweusi katika picha ndiye anayetumwa kuleta msaada. Nilipojua nilicheka peke yangu kwenye kochi, kisha nikakuombea dua. Watoto wa Barabara ya Nane tulikwenda kulala tukijua tupo hai. Ahsante kwa hilo.

Katika hizi za Neeta nilizokwisha kuziona hakuna haja ya kumtuma mtu popote. Wanabaki hadi mwisho, na wengine ndio wanaofunga mlango wakiondoka.

Nifundishe, wakisema haraka haraka ulikuwa unafanyaje? Na unishauri, mtoto tumwambie nini?

Mimi mpwa wako anayekukumbuka kila anaposhika mwiko,
Saleha


Barabara ya Nane, Ngamiani, Tanga
27 Novemba 2024

Mpwa wangu Saleha,

Waaleikum salaam na marahaba. Mimi mzima, mguu unakanyaga ila unachagua siku. Mama yako alikuja kutoka Korogwe akalala siku tatu, akanipikia mkate wa kumimina, akanigombeza kwa ajili ya sukari huku akinikatia kipande cha pili. Anakusalimu. Suhaib amefika na mzigo wako, kijana muungwana, alisimama wima kunikabidhi kama analeta posa.

Bi Sikuzani mpe pole zangu. Mwambie Maulid wa banda la video la Tanga anamwombea.

Unaniuliza nilikuwa nafanyaje wakisema haraka. Sasa mimi ni mzee na wewe ni mtu mzima, wacha nikuambie, na barua hii usimsomee mtu. Kiingereza sikukijua. Si kidogo, sikukijua kabisa. Nilikuwa najua "yes", "no", na "come on". Mji mzima ulikuwa unaniita Profesa, wazazi wananiletea watoto niwaandikie barua za shule, nami nawaambia leo mkono unauma. Nilikuwa natazama nyuso tu. Mtu akikunja uso nasema amedai haki yake. Wakinong'ona nasema wanapanga kumgeuka steringi. Mara moja nilisema bibi harusi anamkubali mchumba, na hapo hapo akamzaba kofi. Nikasema ni mila zao. Watu wakaitikia, "Kumbe."

Kwa hiyo siri ya kazi ndiyo hiyo, mwanangu. Usimtazame anayesema, mtazame anayesikiliza.

Diski zako nimezitazama kwa Hamdani fundi redio, ana deki inayofanya kazi. Sikusikia neno, na hilo kwangu si geni. Ile ya kauboi niliitazama mara mbili. Nilikaa pale na shughuli yangu ya zamani kichwani, namtafuta wa kumwokoa, kila farasi akianguka nasema sasa ndio zamu yangu. Sikumpata. Yule mweusi alipanda farasi wake mwenyewe, akapigana vita vyake mwenyewe, akamaliza. Nikakaa tu kama mtu aliyepewa likizo. Hamdani akaniuliza mbona nalia. Nikamwambia vumbi. Huyo aliyeiongoza, kama kuna namna ya kumfikishia salamu, mwambie kuna mzee Tanga anasema ahsante, amenipumzisha.

Kuhusu mtoto, msimwambie. Mtoto wa miaka minane ataelewa nini? Siku ikifika mwambieni bibi kasafiri, kaenda Unguja kuona ndugu zake. Muda utapita, atasahau mwenyewe. Watoto husahau.

Nakuaga kwa mkono ulio mzima, ule wa kulia,
Mjomba wako Maulid


Aston, Birmingham
19 Januari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako niliipata kabla ya Krismasi, nimechelewa kujibu na sababu si kazi. Bi Sikuzani amepungua, anakunywa uji vijiko vitatu anasema ameshiba. Mbarouk amepewa siku mbili za mapumziko kwa wiki. Mwambie Mama nimepata vitenge alivyonitumia.

Kuhusu Kiingereza chako nimecheka sana na siri yako iko salama. Bi Sikuzani nilimsomea, samahani, hakuweza kusubiri nimalize kucheka. Amesema anakuheshimu zaidi sasa, maana kutunga ni kazi kuliko kutafsiri.

Sasa nikueleze la wiki iliyopita. Tulikuwa tunatazama picha ya kutisha kutoka boksi la Neeta. Familia moja ya weusi imehamia nyumba yenye mashetani, na kinyume na watu wa picha za zamani hawa wana akili, mlango ukilia tu wanafungasha. Bi Sikuzani akawa anawasifu. Lakini baba wa familia alirudi ndani kumtoa mdogo wao, na dari likamwangukia. Rehana yuko kitandani amemlalia bibi yake. Mimi nimesimama na mwiko. Nikafungua mdomo nikasikia sauti yako ikitoka: "Msijali, baba huyu hajafa, kaenda kuita watu."

Rehana akainua kichwa akaniambia kwa Kiingereza chake, taratibu, kama anayemsaidia mtu mzima kuvuka barabara: "Hapana, Mama. Amekufa. Mke wake amesema hivyo sasa hivi." Sikuwa nimefikiria hilo hata kidogo. Sisi wa kwenye mkeka tulikuwa tunakutegemea wewe. Huyu anasikia wao na ananisikia mimi, anajua ni wapi tunapishana. Kisha akamtazama bibi yake, akanitazama mimi, akauliza: "Na Bibi je?"

Nilikwenda jikoni nikafungua maji ya bomba nikasimama pale. Mpaka leo sijamjibu, na ameacha kuuliza.

Achieng alinikuta hivyo siku iliyofuata. Akanimiminia chai kana kwamba mgeni ni mimi, akasema, "Dadangu, huyo mtoto ashajua. Kitu hajui ni kama nyinyi mnajua. Sasa amebaki na hiyo kitu peke yake."

Mjomba, unasema watoto husahau. Nilikuwa na miaka saba baba yangu Shekue alipotoka na lori la katani. Nililetwa kwako kukaa, Mama akabaki ndani, nikaambiwa anaumwa. Nilikuuliza Baba anarudi lini. Ukaniambia kaenda kuita watu. Nilikaa kwenye mkeka wako wa mbele miaka miwili nikimsubiri aje nao. Nilikuwa nimeshawapangia wale watu pa kukaa. Aliyeniambia ukweli ni msichana mmoja wa chuo cha Kurani, tulipogombania juzuu, akanitupia tu: babako keshakufa zamani. Nilirudi nyumbani nikalia chooni, kwa sababu nyote mlikuwa mmeshamaliza kulia. Hapakuwa na mtu wa kulia naye.

Nakushukuru kwa mengi na sitaki uone kwamba nimeyasahau. Ila hili nataka kulijua kabla sijamjibu mwanangu. Kwa nini uliniambia vile?

Saleha


Aston, Birmingham
16 Februari 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Hujajibu, na Suhaib ananiambia Hamdani alikuona msikitini, kwa hiyo u mzima. Kama nimekuudhi nisamehe kwa namna nilivyosema, si kwa nilichosema. Bi Sikuzani bado yupo, sauti imekuwa ndogo. Rehana anamsuka nywele kila siku akitoka shule.

Nasubiri neno lako. Siwezi kusubiri sana.

Saleha


Ngamiani, Tanga
2 Machi 2025

Saleha mwanangu,

Ramadhani imeingia na nimefunga, kwa hiyo nitasema kweli. Wote tu wazima. Mama yako nimemwita nikamsomea barua yako, alilia, kisha akaniambia, "Mjibu. Mimi nilikuwa eda, wewe ulikuwa na ulimi."

Hujaniudhi. Nimeandika barua hii mara tano na zote nimewashia jiko.

Siku ile ilikuwa Jumamosi, banda limejaa, na wewe umekaa mbele kwa sababu baba yako alikuacha kwangu mpaka arudi safari. Picha ilikuwa ya vita. Yule mweusi ameanguka, na mimi nimeshasema maneno yangu kwenye maiki, nyinyi mmepiga makofi. Hapo hapo pazia likafunguliwa, mtu akanishika bega akaninong'oneza: lori la Shekue limepinduka kabla ya Segera, hakuna aliyepona. Nilikuwa na maiki mkononi, Saleha. Watu mia wananisubiri niseme lililofuata, na wewe uko pale chini unanitazama mdomo. Nikaendelea. Sijui nilitafsiri nini, naambiwa ilikuwa picha nzuri. Ilipokwisha ukaja ukanishika kanzu ukaniuliza, "Baba anakuja kunichukua?" Na mdomo wangu ulikuwa na sentensi moja tu.

Nilisema nitakuambia kesho. Kesho ulikuwa umelala vizuri. Kesho kutwa ulikuwa unacheka. Kila siku iliyopita iliniongezea ugumu, na kila ulipokaa kwenye mkeka wa mbele nilijua unamngoja nani, nami nikazidi kuwaokoa wale wa kwenye picha, wote, hata waliokatwa vichwa. Watu walidhani ni utani. Kisha siku moja hukuja. Ya pili hukuja. Nikajua umeshaambiwa, na si na mimi. Hukuniuliza, nami nikashukuru kwamba hukuniuliza, na shukrani ile ndiyo aibu yangu kubwa. Banda nililifunga mwaka ule ule. Niliwaambia watu deki imeharibika.

Nilikupenda, na nilikuwa mwoga. Yote mawili ni kweli. Nimekukosea, mwanangu, na nakuomba radhi, mimi mkubwa kwako wewe mdogo.

Yule nesi wa Kikenya ana akili kuliko mimi. Mtoto ameuliza. Mjibu, na umjibu Bi Sikuzani akiwa hai, ili alie akiwa kwenye mikono yake. Usinisikilize nilichosema mwanzo.

Nimepiga magoti kuandika haya, mguu utanigombeza,
Maulid


Aston, Birmingham
21 Aprili 2025

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Mbarouk anakusalimia, na Rehana, na Neeta asiyekujua, na Achieng ambaye nimemsomea ulivyomsifu akasema nikuambie ahsante sana Mzee.

Kwanza, nimekusamehe. Nilisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikasoma tena. Miaka yote hii nilidhani mlikaa watu wazima mkapanga kunidanganya. Kumbe alikuwa mtu mmoja mwenye maiki na roho imempasuka. Na hili pia lijue: miaka ile miwili nilikuwa na baba, alikuwa safarini, na alikuwa mtu wa maana anayetegemewa kuleta msaada. Uliniumiza na ulinipa, vyote kwa mkono mmoja.

Rehana nilimwambia siku ya Jumamosi asubuhi, nje watu wa mpira wanapita wakiimba. Nilikaa kitandani kwa Bi Sikuzani, nikamweka katikati yetu. Nikasema, "Uliniuliza nikakimbia. Sasa nakujibu. Bibi anakufa. Dawa ya kumponya hakuna. Siku hatuijui." Alikasirika kwanza. Alitaka kujua ni nani aliyejua na tangu lini, kama mpelelezi. Kisha akauliza kama inauma, na bibi yake akamjibu mwenyewe kwamba inauma ila Achieng anaijua dawa yake. Ndipo akalia, na bibi yake akalia, na mimi. Mbarouk alirudi akatukuta, akakaa chini na koti lake akaanza na yeye.

Tulipomaliza, Bi Sikuzani akaniambia mwiko nimpe mtoto. "Leo nataka huyu anitafsirie, wewe unanificha." Akachagua picha nyingine ya kauboi, si ile niliyokutumia, ambayo nilikuwa nakwepa kuiweka, kwa sababu steringi wake anakufa. Lakini hafi kama wale wa bandani, ambao wakianguka picha inaendelea na safari yake. Mwongozaji huyu ameisimamisha picha nzima. Hakuna bunduki wala mbio, kwa muda mrefu ni watu wanamchimbia kaburi tu na kumsemea mema yake. Rehana akasimama na mwiko. Mwanangu ambaye hajawahi kunijibu kwa Kiswahili zaidi ya "sitaki".

"Bibi, huyu amekufa. Kufa kweli," akasema. "Dada yake analia sana. Sasa wao nachimba."

"Wanamzika vizuri?" Bi Sikuzani akauliza.

"Vizuri. Na kofia yake."

"Na watu wamekuja?"

Rehana akageuka akatazama skrini akahesabu kwa kidole. "Wengi, Bibi."

"Ahsante, mwanangu. Nilitaka kujua."

Bi Sikuzani amefariki tarehe tisa, Jumatano, baada ya alfajiri. Rehana alikuwa amemshika mkono. Tumemzika kesho yake, Mbarouk mwenyewe alishuka kaburini. Msomee Fatiha, na Mama naye.

Watu walikuja kwa wingi, Waunguja, Wakenya, hata wale wa Kongo wa mtaa wa pili. Mimi nilikuwa jikoni na masufuria, na Rehana alijipa kazi ya mlango bila kutumwa. Kila aliyegonga alimfungulia akamwambia, "Bibi yangu amefariki. Karibu ndani, viatu weka hapa." Alikuja mama mmoja mtu mzima, akainama akamshika mashavu, akaanza kumwambia kwa huruma kwamba Bibi kalala tu, ataamka.

Nikaacha kijiko. Nikamsikia mwanangu akimjibu kwa Kiswahili, bila hasira.

"Hapana. Amekufa. Mama yangu yuko jikoni. Ukitaka kulia njoo, tunalia wote."

Ni mimi, mtoto wa dada yako,
Saleha binti Shekue